Muziki wa Michezo ya Kompyuta na Mahali Pake Katika Sanaa

Mnamo mwezi wa Aprili 2023, Maktaba ya Bunge la Marekani iliingiza katika orodha yake ya rekodi za sauti zinazostahili kuhifadhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo kipande kimoja cha muziki ambacho, kilipotoka mwaka 1985, hakikupigwa kwa kinanda, wala kwa zeze, wala kwa ngoma. Sauti yake ilitolewa na sehemu ndogo ya elektroniki iliyomo ndani ya chombo cha kuchezea watoto. Ulikuwa ni muziki wa mchezo uitwao Super Mario Bros., uliotungwa na Mjapani Koji Kondo kwa ajili ya kampuni ya Nintendo. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa muziki wa mchezo wa kompyuta kupewa nafasi katika orodha hiyo.

Kwa mwalimu aliyewahi kumnyang'anya mwanafunzi simu darasani kwa sababu ya michezo ya namna hii, ambayo vijana huiita magemu, habari hiyo yaweza kuonekana kama mzaha. Wazee wengi huuhesabu muziki huo kuwa ni kelele tu zinazofuatana na mchezo, kama vile mlio wa mashine unavyofuatana na kazi ya mashine. Makala haya yanashikilia rai iliyo kinyume. Muziki wa michezo ya kompyuta ni sanaa kamili, yenye sheria zake na ugumu wake. Na sababu ya kuuita sanaa si tuzo unazopewa wala okestra zinazoupiga, bali ni kazi maalumu unayoifanya, ambayo muziki wa sahani, wa redio na wa sinema hauwezi kuifanya. Yafaa kwanza ieleweke namna sauti hizo zinavyotengenezwa.

Sauti iliyozaliwa katika uhaba

Mchezo wa Pong, uliotolewa na kampuni ya Atari mwaka 1972, haukuwa na muziki. Ulitoa mlio mfupi tu kila mpira ulipogonga kibao au ukuta. Miaka kumi na mmoja baadaye, yaani 1983, kampuni ya Nintendo ilitoa nchini Japani chombo kiitwacho Famicom, ambacho ndani yake mlikuwa na chipu yenye njia tano za sauti. Njia mbili zilitoa wimbi mraba. Ya tatu ilitoa wimbi pembetatu. Ya nne ilitoa kelele isiyo na noti, inayofanana na mlio wa kayamba. Na ya tano iliweza kutoa vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa.

Mwanafunzi wa fizikia atatambua mara moja kwa nini njia hizo hazilingani kwa mlio. Wimbi mraba na wimbi pembetatu yote mawili yana hamoniki witiri peke yake, yaani ile ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea. Lakini katika wimbi mraba hamoniki ya tatu ina ukubwa wa theluthi moja ya ile ya kwanza, hali katika wimbi pembetatu ina sehemu moja ya tisa tu. Kwa hiyo wimbi mraba husikika kali na lenye ukwaru, na wimbi pembetatu husikika laini kama filimbi. Watunzi waliyapa mawimbi mraba kazi ya kuimba lahani, wakalipa wimbi pembetatu kazi ya sauti nzito ya chini, na kelele wakaifanya kuwa ngoma na kayamba. Hivyo, kwa njia chache mno, walipata kikundi kizima cha wanamuziki.

Hata kupata noti moja kulihitaji hesabu. Saa ya chipu hiyo hupiga mara 1,789,773 kwa sekunde. Mtunzi huandika namba fulani. Chombo huiongeza moja, kisha huzidisha kwa 16, na idadi ya mapigo inayopatikana ndiyo muda wa wimbi moja. Akiandika 253, wimbi moja litachukua mapigo 16 mara 254, yaani 4,064. Nayo 1,789,773 ikigawanywa kwa 4,064 hutoa takriban hezi 440.4. Noti inayotumiwa na wanamuziki kulinganishia ala ni hezi 440, basi hapo tofauti ni ndogo. Akiandika 252 badala ya 253, sauti itapanda hadi hezi 442.1 tu. Lakini katika noti za juu mambo hubadilika: namba 63 hutoa hezi 1,747.8 na namba 62 hutoa hezi 1,775.6, wala hakuna namba kamili katikati yake. Mtunzi aliyetaka sauti iliyo baina ya hizo mbili hakuwa na pa kuipata. Ilimbidi ajue ni wapi chombo chake kinasema kweli na ni wapi kinapotoka, na atunge kwa kufuata ujuzi huo.

Uhaba wa pili ulikuwa wa kumbukumbu. Mchezo mzima wa Super Mario Bros., pamoja na picha zake, kanuni zake na muziki wake, ulitoshea katika kilobaiti 40, yaani baiti 40,960. Muziki uliorekodiwa katika sahani ya CD hutumia baiti 176,400 kwa kila sekunde moja. Kwa hiyo nafasi yote ya mchezo huo isingetosha kuhifadhi hata robo ya sekunde ya muziki wa CD. Kondo hakuweza kuhifadhi sauti. Alihifadhi maagizo ya kutoa sauti, kama mtunzi wa zamani alivyohifadhi wimbo wake kwa nota zilizoandikwa katika karatasi.

Huko Uingereza, vijana kama vile Rob Hubbard na Martin Galway walitunga muziki kwa kompyuta ya Commodore 64, iliyotoka mwaka 1982 ikiwa na njia tatu tu za sauti. Njia tatu hazitoshi kushika lahani, sauti nzito, ngoma na sauti kadhaa zinazolia kwa pamoja. Basi watunzi hao waliifanya njia moja iruke kutoka noti hadi noti kwa kasi ya mara 50 hivi kwa sekunde, hata sikio la msikilizaji likazichanganya noti hizo na kusikia kundi zima. Jambo lililoanza kama hila ya kuficha upungufu liligeuka kuwa mtindo wenyewe, na hadi leo wako wanamuziki wanaoutumia mtindo huo kwa hiari, ingawa vyombo vyao havina upungufu wowote.

Hapa ndipo hoja ya kwanza ya wapinzani inapoanguka. Husemwa kuwa muziki uliobanwa kiasi hicho na mashine hauwezi kuwa sanaa. Mwanafunzi wa Kiswahili asingekubali hoja hiyo, kwa kuwa anajua kwamba malenga hubanwa na vina na mizani, na kwamba mshororo wa shairi lenye mizani 16 hauongezwi hata silabi moja kwa kumhurumia mtunzi. Hakuna asemaye kuwa shairi si sanaa kwa sababu hiyo. Kinyume chake, mtunzi husifiwa kwa namna alivyosema jambo zito ndani ya nafasi finyu.

Muziki usioujua mwisho wake

Hata hivyo, uhaba peke yake hautoshi kuwa hoja. Vyombo vya leo vina nafasi ya kuhifadhi okestra nzima, na kama sanaa ya muziki huu ingekuwa katika uhaba tu, ingekuwa imekwisha kufa. Sifa yake ya msingi iko kwingine.

Mtunzi wa muziki wa sinema anajua ya kwamba katika dakika fulani na sekunde fulani mlango utafunguliwa na adui ataingia. Mtunzi wa muziki wa mchezo hajui. Mchezaji mmoja ataufikia mlango huo kwa nusu dakika. Mwingine atazunguka kwa saa nzima. Wa tatu ataufikia na kurudi nyuma. Muziki lazima uwafae wote watatu, na kila mmoja aone kuwa ulitungwa kwa ajili yake. Kwa maneno mengine, mtunzi hatungi wimbo mmoja tu bali hutunga kanuni zinazoweza kuzaa nyimbo nyingi.

Mfano wa awali ulio bora ni mchezo wa Space Invaders, uliobuniwa na Tomohiro Nishikado na kutolewa na kampuni ya Taito nchini Japani mwaka 1978. Wavamizi 55 wamejipanga kwa safu tano, nao hushuka polepole. Muziki wake ni noti nne tu, nzito, zinazoshuka na kurudiwa bila kukoma. Mwanzoni wavamizi huenda polepole, kwa sababu kichakataji humsogeza mmoja mmoja kwa zamu. Kadiri wanavyopungua, zamu huzunguka upesi zaidi, na waliobaki huongeza mwendo. Noti nne nazo huharakishwa vivyo hivyo. Mchezaji akilenga vyema, hujiletea mwenyewe hatari iliyo kubwa zaidi, na sikio lake humwambia hivyo kabla ya jicho. Noti hizo zikipigwa peke yake redioni ni kitu duni. Ndani ya mchezo, hazina badala yake.

Ufundi huo ulikuzwa baadaye. Mwaka 1991, katika mchezo wa Monkey Island 2, Michael Land na Peter McConnell wa kampuni ya LucasArts walitumia mfumo walioubuni wa kuuwezesha muziki kubadilika bila kukatika. Mhusika aingiapo katika nyumba mbalimbali za mji uitwao Woodtick, ala na mahadhi hubadilika, lakini badiliko hungoja mahali panapofaa katika mdundo ili sikio lisishtuke. Siku hizi watunzi hutumia njia mbili mashuhuri. Ya kwanza ni kuuandika muziki kwa tabaka, ili ngoma au nyuzi ziongezwe hatari ikikaribia na kuondolewa ikipita. Ya pili ni kuuandika kwa vipande ambavyo kila kimoja chaweza kufuatwa na kingine chochote kati ya kadhaa. Anayedhani kazi hiyo ni nyepesi na ajaribu kutunga beti kumi ambazo zaweza kusomwa kwa mpangilio wowote na bado zikawa na maana.

Hapa Kiswahili chenyewe kinatoa ushahidi. Kitenzi kucheza hutumika kwa achezaye bao na kwa achezaye ngoma. Na neno ngoma ni jina la chombo kinachopigwa, la uchezaji unaofuatana nacho, na la shughuli nzima. Lugha haikuona haja ya kutenganisha mambo hayo. Mpigaji stadi haangalii ngozi ya ngoma yake; huangalia miguu ya mchezaji. Mchezaji akizidisha, naye huzidisha, akichoka, humpumzisha, akitaka kukata, humpa ishara. Vivyo hivyo nyimbo za kazi, ziwe za kutwanga au za kuvuta nyavu, hurefushwa na kufupishwa kwa kadiri ya kazi yenyewe, wala hakuna anayeuliza wimbo huo una dakika ngapi. Muziki wenye urefu uliokwisha kupimwa na kufungwa, unaosikilizwa na watu walioketi kimya, ni namna moja tu ya muziki, na si namna kongwe kuliko zote. Mtu aliyelelewa karibu na ngoma ana sababu nzuri kuliko wengi ya kuuelewa muziki wa michezo ya kompyuta, kwa kuwa nao ni mpigaji anayemtazama mchezaji.

Funzo la wimbo wa "Baba Yetu"

Wasomaji wengi wamepata kusikia kwamba wimbo wenye maneno ya Kiswahili ndio uliokuwa wa kwanza kuuletea muziki wa michezo ya kompyuta tuzo ya Grammy. Habari hiyo ni ya kweli. Mmarekani Christopher Tin alitunga wimbo wa "Baba Yetu", wenye maneno ya Sala ya Bwana, kwa ajili ya mchezo wa Civilization IV uliotolewa mwaka 2005. Baadaye aliuingiza katika albamu yake ya mwaka 2009, ukiimbwa pamoja na Soweto Gospel Choir, na mwezi wa Februari 2011 wimbo huo ukapata tuzo kwa upangaji wake wa ala na sauti. Ni wimbo mzuri, na Waswahili wana haki ya kuufurahia.

Lakini yafaa kutazama ni nini hasa kilichotuzwa. Wimbo huo husikika wakati mchezo unapofunguliwa, mchezaji akiwa bado hajaanza kucheza. Haumjibu mtu, haubadiliki, wala hautegemei tendo lolote. Ungeweza kufungua sinema au ibada na usipungukiwe na kitu. Majaji walituza wimbo uliopangwa kwa ustadi, na walikuwa na haki. Ila hawakutuza ile sifa inayoutofautisha muziki wa michezo na muziki mwingine. Ndivyo ilivyo pia pale okestra inapoupiga muziki huo ukumbini. Muziki wa Dragon Quest, uliotungwa na Koichi Sugiyama, ulipigwa katika ukumbi wa Suntory mjini Tokyo mwezi wa Agosti 1987, na mwaka 2021 ukasikika wanariadha walipoingia uwanjani katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki mjini humo. Heshima hizo ni za kweli. Hata hivyo hazipaswi kuwa ndiyo hoja, kwa sababu zinaukubali muziki huu pale tu unapojivika mavazi ya muziki mwingine. Kwa kipimo cha makala haya, noti nne za mwaka 1978 ni sanaa ya michezo kwa ukamilifu zaidi kuliko wimbo uliopata tuzo.

Madai yanayostahili kujibiwa

Yako madai ambayo hayafai kupuuzwa. La kwanza ni kuwa muziki huu ni mtumishi wa bidhaa. Ni kweli; lakini Bach alitunga kwa ajili ya ibada za kila Jumapili akiwa mwajiriwa wa Leipzig, na vikundi vya taarabu hulipwa kupiga katika harusi. Utumishi haukuifuta sanaa yao. La pili ni kuwa muziki huu hurudiarudia. Ni kweli pia. Lakini kurudia si kosa katika ngoma, na mtunzi anayejua kuwa lahani yake itasikika mara mia moja hulazimika kuipa kitu ambacho hakitalichosha sikio. Kuna zilizoshindwa, nazo ni nyingi.

Dai la tatu ni zito zaidi. Kwa kuwa muziki huu humfuata mchezaji, waweza pia kumvuta. Milio ya ushindi hupangwa ili mtoto aendelee kucheza, na katika michezo mingine ya simu aendelee kutumia fedha. Hilo halikanushiki. Ila dai hilo linathibitisha nguvu ya sanaa hii, halithibitishi kutokuwepo kwake. Hakuna ahadharishwaye na kitu kisicho na nguvu. Mwanafunzi aliyefundishwa kusikia namna mdundo unavyoharakishwa ili apate wasiwasi ana kinga ambayo mwenzake aliyekatazwa tu hana.

Kilicho hatarini

Mwezi wa Julai 2023, taasisi ya Marekani inayoshughulikia historia ya michezo hii, Video Game History Foundation, ilitangaza matokeo ya uchunguzi ulioonyesha kuwa asilimia 87 ya michezo iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena madukani. Mtu anaweza kudhani kuwa muziki wake umesalimika kwa kuwa umerekodiwa. Sivyo. Muziki uliorekodiwa nje ya mchezo ni kama ngoma iliyonaswa katika kanda bila mchezaji: sauti imebaki, lakini yale majibizano yamepotea, nayo ndiyo yaliyokuwa sanaa. Nchi zetu za Afrika Mashariki zinaujua msiba wa namna hiyo, maana ngoma nyingi zimebaki katika kanda za maktaba na redio, na hakuna anayejua tena mpigaji alikuwa akiitikia hatua gani.

Basi mwalimu wa fizikia, badala ya kuanza somo la mawimbi kwa uma wa sauti peke yake, anaweza kuwapa wanafunzi ile hesabu ya 1,789,773 na kuwataka watafute namba za noti nane za oktava moja, kisha waeleze kwa nini noti za juu hukosea zaidi. Mwalimu wa Kiswahili au wa muziki anaweza kuwataka wasikilize mchezo wanaoupenda na kuandika: ni tendo gani lililoubadilisha muziki, na badiliko hilo lilisema nini? Na wanafunzi walio na bibi au babu ajuaye ngoma ya kwao wanaweza kwenda kumwuliza swali hilo hilo: mpigaji alifanya nini mchezaji alipozidisha?

Majibu ya swali hilo la mwisho yana thamani ya pekee. Vyombo vya kutunga michezo sasa hupatikana kwa bei ndogo au bure, na vijana wa Afrika Mashariki wameanza kuvitumia. Wakiiga lahani za Tokyo na za California watakuwa wanafunzi wazuri wa watu wengine. Lakini sanaa hii inahitaji watu wanaojua namna muziki unavyomwitikia mtu anayecheza, na ujuzi huo ulikuwa umekwisha kufika mbali katika ngoma zetu kabla umeme haujajulikana. Itakuwa hasara kubwa ikiwa wenye urithi huo ndio watakaokuwa wa mwisho kuutambua, kwa sababu tu walimu wao waliuita kelele.